Kutandika Kabla ya Kupakua

Tangu Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana ilipoundwa mwaka 1962, wengi wetu tumezoea kuutafuta utamaduni mahali penye shangwe: katika ngoma, majigambo, mavazi ya sherehe na maonyesho ya sanaa. Mazoea hayo hayana ubaya. Lakini utamaduni una makao mengine yasiyo na shangwe, nayo ni pale watu wanapoketi kula. Ngoma huchezwa kwa majira yake, bali chakula huliwa kila siku. Na jambo lifanywalo kila siku ndilo limfunzalo mtoto bila ya yeye kujua kwamba anafunzwa. Atakaye kujua watu wamehifadhi nini na wamepoteza nini, na atazame kwanza namna wanavyotandika kabla ya kupakua.

Twakusudia kuzungumza hapa juu ya kitu kidogo ambacho ni nadra kuandikiwa insha, yaani kile kitambaa cha kuwekea sahani mezani, kinachoweza kushonwa nyumbani na mtu yeyote mwenye sindano, uzi na saa mbili za utulivu. Humu tutakiita kitandiko. Wako watakaosema kwamba kitambaa hiki ni urembo wa watu wa mjini, tena urembo wa kuiga, na kwamba hakistahili kutajwa katika kitabu cha utamaduni wa taifa. Sisi twaona vingine. Twaamini kwamba kitandiko, kikishonwa na kutumiwa kwa maana yake, ni ule mkeka wa zamani uliopanda mezani. Na kwamba nyumba isiyotandika chochote imejitenga na mila, hata kama watu wake bado hula sakafuni.

Na tuanze na ushahidi wa lugha, kwa kuwa lugha haisahau upesi. Neno meza tumelipata kwa Wareno, ambao walifika katika pwani yetu mwaka 1498, na ambao nguvu zao zilivunjika Fort Jesus ya Mombasa ilipoanguka mwaka 1698. Neno leso nalo limetoka kwao. Sahani na sinia ni maneno yenye asili ya Kiarabu, na mkasi vilevile. Ukiyapanga maneno hayo utaona kwamba vyombo kadha wa kadha vya kulia na vya kushonea vilishuka kutoka majahazini pamoja na majina yake. Sasa tugeukie upande wa vitendo. Kutandika, kushona, kupakua, kunawa, kula: hayo ni maneno ya Kibantu, na yana ndugu zake katika lugha za bara. Maana yake ni kwamba wazee wetu walipokea vyombo vya watu, lakini hawakungoja kufundishwa adabu ya kuvitumia, kwa sababu adabu walikuwa nayo. Meza ilikuja na mgeni; kutandika tulikuwa tukitandika.

Sisi tulizaliwa Pangani, mahali ambapo mto hukutana na bahari, na tulikulia juu ya mkeka. Katika miaka ya 1970 nyumbani kwetu palikuwa na meza moja tu, nayo ilikuwa ya kuwekea redio na madaftari ya shule. Chakula kililiwa chini. Kwanza ulitandikwa mkeka. Juu ya mkeka pakawekwa kitanga, yaani mkeka mdogo wa mviringo. Na juu ya kitanga ikatua sinia ya wali iliyofunikwa kawa. Mtoto mdogo kuliko wote, ilimradi awe na nguvu za kubeba birika, ndiye aliyewanawisha wakubwa. Mkubwa alianza, wengine wakafuata. Kila mtu alikula upande ulio mbele yake, kwa mkono wa kulia, bila ya kuvuka mpaka wa jirani yake. Kitoweo kilikaa katikati, wala mtoto hakukigusa mpaka agawiwe. Aliyeshiba mapema hakuinuka. Alitia vidole polepole, akaokota punje mojamoja, ili mwenzake mwenye njaa asione haya kuendelea. Hatukumbuki kuhubiriwa hata moja katika hayo. Tulikalishwa tu, tukaona.

Yafaa pia kukumbuka kwamba mkeka wenyewe ulikuwa kazi ya sindano. Wengi wa vijana wa leo hudhani kwamba mkeka husukwa tu. Kinachosukwa ni ukili. Majani ya mkindu hukatwa, huanikwa, hupasuliwa nyembamba, mengine yakachemshwa katika rangi, ndipo mkono wa mwanamke ukayasuka kuwa utepe mrefu unaozungushwa na kutunzwa kama gurudumu. Huo ndio ukili. Lakini ukili peke yake hauketiwi. Lazima utepe huo upangwe ubavu kwa ubavu na kushonwa, raundi baada ya raundi, hata upatikane upana wa watu kuketi. Msukaji hodari asiyejua kushona hubaki na gurudumu la ukili ukutani. Kwa hiyo, mwanafunzi anayetunga uzi leo ili ashone kitandiko hajaacha njia ya bibi yake. Amebadili ukindu kwa pamba.

Hata nje ya nyumba, pwani yetu imejulikana kwa kushona tangu zama za kale. Katika karne ya 1, mfanya biashara mmoja aliyeandika kwa Kigiriki juu ya safari za Bahari ya Hindi alitaja bandari ya pwani hii iitwayo Rhapta, na akaeleza kwamba jina hilo latokana na vyombo vya baharini vilivyoshonwa. Wataalamu wangali wakibishana mji huo ulikuwa mahali gani hasa, lakini maana ya jina haina ubishi: mji huu wa kwao uliitwa kwa mshono. Mitepe ya visiwa vya Lamu, ambayo mbao zake zilifungwa kwa kamba za kumbi bila ya misumari, iliendeleza ufundi huo hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Tunayataja haya si kwa kujisifu, bali kwa sababu baadhi ya wavulana wetu hudhani kushika sindano ni kujishusha. Tutalirudia jambo hilo baada ya kitambo kidogo.

Sasa meza iliingiaje katika nyumba zetu? Iliingia kwa njia nyingi: kwa shule za bweni, kwa nyumba za kazi, kwa mabati na saruji, kwa vyumba vidogo vya mjini ambavyo haviwezi kutandikwa mkeka na bado pakabaki pa kupita. Kwetu sisi iliingia kwa uhamisho wa kazi. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba itahamia Dodoma kwa ukamilifu, tulikuwa miongoni mwa watumishi waliofungasha. Tukapata nyumba yenye sakafu ya vigae na chumba cha kulia kilichojaa meza. Baadaye tukamleta mama yetu kutoka Pangani, kwa kuwa magoti yalikuwa yamemlemea na hapakuwa na wa kumtekea maji.

Hapo ndipo lilipozuka jambo ambalo hatukulitazamia. Mama hakuweza tena kuketi mkekani, kwani akiketi hainuki mpaka ashikwe mikono na watu wawili. Lakini mezani alikataa kula. Kila wakati wa chakula alichukua sahani yake akaenda jikoni, akaketi juu ya kigoda kirefu, sahani magotini, peke yake. Alikula kidogo, na kila mwezi mwili wake ulipungua. Mke wetu alimsihi kwa upole. Wajukuu walimvuta kwa mkono. Alicheka, akawaombea dua, akabaki jikoni. Mwishowe tulimwuliza, kama mtoto anavyomwuliza mzazi, kwa sauti ya chini na bila ya kumkazia macho. Akajibu:

"Baba, mezani kwenu hapajatandikwa. Watu wanakula kama wako stendi."

Tulipolitafakari neno lake tuliona uzito wake. Meza ilikuwa na plastiki inayong'aa, yenye picha za matunda ambayo hayaoti katika mkoa wowote tulioufanyia kazi. Plastiki hiyo ilikuwa imefunika ubao usiku na mchana. Haikutandikwa kwa ajili ya chakula, wala haikuondolewa chakula kilipokwisha. Kila mtu alikuja kwa saa yake. Mmoja alikula akitazama simu, mwingine akisimama. Hapakuwa na dalili yoyote ya kumwambia mtu kwamba hapa pameandaliwa, na kwamba yeye ametazamiwa. Mama hakuikataa meza kwa kuwa ni ngeni. Alikuwa mgeni nyumbani mwa mwanawe, naye hakuona mahali pake.

Likizo ya mwezi wa sita ilipofika, baridi ya Dodoma ikiwa imewafungia watoto ndani, mama alifungua sanduku lake akatoa kanga. Ilikuwa nusu ya doti. Nusu ya pili alikuwa amejitanda. Katikati ilikuwa imechujuka, lakini pindo zake zilikuwa bado nzima, na jina lake lilisomeka vizuri: WEMA HAUOZI. Akaagiza mkasi, akawaita wajukuu watatu, nasi tukaombwa kuleta futi. Kazi waliyoifanya siku zile mbili ni rahisi, na kwa kuwa kitabu hiki kitasomwa na walimu na wanafunzi, tutaieleza kwa taratibu yake ili atakaye aifuate.

Kanga kwa kawaida huwa na urefu wa sentimita 150 hivi na upana wa sentimita 110 hivi. Kitambaa chake ni chepesi, kwa hiyo kitandiko hakifai kuwa cha tabaka moja. Lazima kiwe na bitana. Bitana nzuri ni marekani, ile nguo nzito ya pamba isiyotiwa rangi, ambayo ilipata jina lake kwa sababu katika karne ya 19 ililetwa Unguja na merikebu za Wamarekani. Pasipo marekani, mfuko wa unga wa ngano ulio wa pamba hufaa, au shuka kuukuu. Jambo la kuepukwa ni nguo ya nailoni na jamaa zake, kwa kuwa haifyonzi maji na huharibiwa na sufuria ya moto. Bitana mpya ifuliwe kwanza, ikauke, ipigwe pasi. Asiyefanya hivyo atashona kitandiko kilichonyooka, akifue mara moja, kisha akikute kimejikunja kama jani la mgomba lililopita juu ya moto, kwa sababu nguo mpya hurudi na nguo kuukuu hairudi.

Ndipo huja kukata. Kitandiko kilichokamilika hutosha kikiwa na urefu wa sentimita 45 na upana wa sentimita 32: sahani hukaa katikati, na pembeni pakabaki nafasi ya bilauri na ya mkono. Kwa kuwa kila upande huliwa na sentimita moja ya mshono, kata vipande vya sentimita 47 kwa 34. Mkasi ufuate nyuzi za nguo. Nguo ina nyuzi za mtande, zinazokwenda kwa urefu, na za mshindio, zinazokatiza. Ukikata kwa kuzifuata hizo kitandiko hukaa mraba maisha yake yote, na ukikata upogo hujivuta upande kila kinapofuliwa. Atakaye uhakika na achomoe uzi mmoja kutoka kwenye nguo. Ile njia inayobaki nyuma yake ndiyo mstari wa kukatia, tena hauhitaji chaki.

Kwa hesabu, kanga moja yaweza kutoa vipande tisa vya kiasi hicho. Mjukuu wa kwanza, ambaye ni mwepesi wa hesabu, alisema hivyo mara moja. Bibi yake akamzuia mkono. "Usikate jina," akasema. "Neno likikatwa katikati halisemi kitu." Ikapimwa upya: vipande vitatu kwa urefu, viwili kwa upana, jumla sita; na ule ukanda wenye jina, pamoja na pindo lililo chini yake, ukaachwa mzima kwa urefu wa kanga yote. Vipande vinne vya pembeni vilitoka na pindo upande mmoja; viwili vya katikati vilitoka na mji mtupu. Ukanda wa jina nao uliwekewa bitana, ukawa kitandiko kirefu cha katikati ya meza, pale yawekwapo mabakuli ya mchuzi.

Kushona kwenyewe huenda hivi. Kipande cha kanga na kipande cha bitana huwekwa pamoja, nyuso zikitazamana, na hupigwa bandi kwa hatua ndefu ili visitembee. Kisha hushonwa kuzunguka, sentimita moja kutoka ukingoni, kwa hatua ndogo ambazo sindano hurudi nyuma kidogo kila inapotoka. Mshono wa namna hiyo haukatiki upesi. Mshonaji asifunge duara lote. Aache mlango wa sentimita kumi hivi kwenye upande mmoja. Pembe nne hukatwa ncha zake, mkasi ukichunga usiguse uzi, ili zisifanye vifundo. Halafu kazi yote hupinduliwa kwa kupitia mlango ule, pembe zikasukumwa kwa kijiti butu, pasi ikapita, na mlango ukafungwa kwa mshono usioonekana. Mwisho hupitishwa mshono mmoja juu, nusu sentimita kutoka ukingoni, kuzunguka pande zote nne. Mshono huu wa mwisho ndio unaozishika tabaka mbili ziwe kitu kimoja. Bandi huondolewa, na kitandiko kimekwisha.

Mjukuu wetu wa pili, mvulana wa miaka kumi na mitatu, alitaka kujitoa. Alisema kushona ni kazi ya wasichana. Bibi yake hakumgombeza. Alimwuliza: "Babu yako alikuwa nahodha. Tanga likichanika katikati ya bahari, unadhani alimwita nani, mimi?" Mvulana akanyamaza. "Hapakuwa na mwanamke chomboni. Walishona wao, usiku, mawimbi yakiwapiga. Na kanzu yake ya Idi aliishona fundi wa barazani, mwenye ndevu." Kisha akampa subana na kumwonyesha namna ya kuivaa katika kidole cha kati. Kitandiko cha mvulana huyo kina hatua zisizolingana hata leo, lakini hakijafumuka.

Ilipofika jioni ya siku ya pili palikuwa na vitandiko sita, na nyumba yetu ilikuwa na watu sita: sisi, mke wetu, watoto watatu na mama. Hesabu ilionekana kutimia. Mama akauliza, "Na cha mgeni?" Kanga ilikuwa imekwisha. Yalibaki mabaki, vipande vya upana wa vidole vitatu, vinne. Binti yetu akapendekeza yaungwe, mgeni awekewe kitandiko cha viraka, kwani viraka navyo vina uzuri wake. Wazo halikuwa baya. Mama akakubali kuyaunga, akayaunga yeye mwenyewe kwa usiku mmoja, miwani ikiwa imefungwa kwa uzi. Lakini alipomaliza alikichukua kile cha viraka akakiweka kwenye kiti chake, na kile chake kizima akakikunja na kukitia kabatini. "Mgeni hawekewi mabaki," akasema. "Mabaki niwekeeni mimi mwenye nyumba."

Neno hilo la mwisho tulilisikia wote. Tangu siku ile alikula mezani.

Hatutaki kudai zaidi ya yaliyotokea. Kitandiko hakikuirudisha sinia. Mtu mwenye sahani yake na kitandiko chake hajifunzi kuchunga mpaka wa jirani katika chombo kimoja, wala hapati nafasi ya kuokota punje mojamoja kwa ajili ya mwenzake. Hilo ni somo ambalo meza imetunyang'anya, na ni heri tuseme wazi kuliko kujifariji. Lakini yako mambo yaliyorudi. Kwa kuwa vitandiko huondolewa na kutandikwa upya kila mlo, lazima awepo mtoto wa kuvitandika, na zamu hiyo imechukua nafasi ya ile ya birika. Kwa kuwa kila kitandiko chajulikana mwenyewe, kitandiko kilicho wazi huuliza swali: fulani yuko wapi? Hapo watu hungoja, au hutuma mtu kuita. Na simu haipati mahali pa kuwekwa, maana nafasi ya pembeni ni ya bilauri na mkono. Wakati mwingine kitandiko cha mgeni hutandikwa hata kama hakuna aliyeahidi kuja. Na mara nyingi kuliko tulivyotarajia, mtu hupiga hodi.

Matunzo yake si kazi kubwa. Vifuliwe kwa sabuni ya kawaida, vianikwe juani, vipigwe pasi vikiwa na unyevu kidogo. Doa la manjano ya mchuzi, ambalo huwatisha wengi, hufifia lenyewe likianikwa katika jua kali mara baada ya kufuliwa, kwa kuwa rangi ya manjano haistahimili jua. Mshono ukilegea, urudiwe siku hiyo hiyo. Kitandiko kilichotunzwa hudumu miaka mingi, na kikichakaa hugeuka kitambaa cha kushikia sufuria, hakuna kinachotupwa.

Kwa walimu twapenda kusema maneno machache. Nchi yetu hulima pamba, hasa katika mikoa ya kando ya Ziwa Victoria, na tumewahi kujenga viwanda vikubwa vya nguo, kama kile cha Urafiki cha Dar es Salaam kilichofunguliwa mwaka 1968. Hata hivyo, sehemu kubwa ya pamba yetu husafirishwa nje kabla ya kuwa nguo, na mara nyingi hurudi kwetu ikiwa imeshonwa na wengine. Jambo hilo halitatatuliwa kwa vitambaa vya sahani. Lakini mtoto aliyekwisha kupima, kukata, kushona na kupindua kipande kimoja cha nguo huitazama nguo kwa macho mengine. Hujua kwamba ina mtande na mshindio, kwamba ina kazi ya mtu ndani yake, na kwamba kazi hiyo yeye aiweza. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilitaka mwanafunzi wa namna hiyo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la mwaka 2023, imefungua mkondo wa amali katika sekondari. Somo la kitandiko halihitaji karakana wala cherehani. Darasa la wanafunzi arobaini laweza kulimaliza kwa vipindi vitatu, wavulana na wasichana pamoja, kila mmoja akija na kipande kutoka nyumbani kwao. Na mwalimu wa Kiswahili akishirikiana na mwenzake wa ushonaji, watapata maneno ya kutosha kujaza daftari: pindo na mji, bandi na bitana, mtande na mshindio, ukili na ukindu.

Nasi, kwa kuwa mkono wetu umezoea kalamu kuliko sindano, mchango wetu siku zile ulikuwa ubeti mmoja, ambao binti yetu aliunakili akaubandika juu ya kabati la vyombo:

Mkeka ulipokwisha, hatukuiacha mila,
Kitambaa chakumbusha, adabu zetu za kula,
Sindano yaunganisha, nyumba nzima kwa jumla,
Na mgeni akibisha, kitandiko kimelala.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Wengi huufahamu usemi huo kuwa amri ya kukataa kila kipya. Lakini mbacha ni mkeka uliochakaa, na waliousema walijua vyema kwamba mkeka huchakaa. Hawakutuambia tuukalie mpaka uishe ukiwa matambara chini yetu. Walituambia tusiuache, na kutouacha kitu kilichochakaa ni kukishona upya, kwa nguo iliyopo, kwa kimo cha mahali tunapoketi leo. Aliye na meza na aitandike. Aliye na mkeka na autandike. Na kila mmoja, kabla ya kupakua, ahesabu waliopo nyumbani mwake, kisha aongeze mmoja.